Faili Liko Meza ya Nani?

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya uhusiano na serikali kwa upande wa mashirika ya uhifadhi huja wakiamini kwamba watashinda kwa hoja. Wana takwimu za misitu inayopotea, wana picha za setilaiti, wana hotuba kichwani. Miezi michache Dodoma inatosha kuwaonyesha kwamba karibu kila wanayekutana naye anaikubali hoja hiyo tayari. Hakuna katibu mkuu anayetaka msitu uishe mikononi mwake. Mambo hukwamia kwenye karatasi: barua iliyokwenda idara isiyohusika, dokezo, yaani andiko la ndani la ofisi la kuombea uamuzi, lililolala kwa afisa aliye likizo, kanuni iliyoandikwa na mtu asiyejua kijiji kinatoaje kibali cha mkaa. Kwa hiyo swali linaloendesha kazi hii, linaloulizwa kwa simu kila Jumatatu asubuhi, ni fupi: faili liko meza ya nani?

Mfano wangu ni misitu ya vijiji ya Tanzania Bara, maana hapo sheria ni nzuri na utekelezaji ni mgumu. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyotolewa 2015, ilikadiria misitu ya nchi kuwa hekta milioni 48.1, na karibu nusu yake imo kwenye ardhi za vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia, kuuvuna na kubaki na mapato. Na inawezekana. Kilosa, vijiji vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu kuanzia 2012 viligawa sehemu ya msitu kuwa vitalu vya mita 50 kwa 50, vikivunwa kwa kupishana kama miraba ya bao la drafti, kila kitalu kikipewa miaka 24 ya kuchipua tena kabla ya kurudiwa. Kilwa, vijiji vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa ajili ya mpingo wao. Lakini uliza kwa nini mifano hii haijaenea kwa kasi nchi nzima, utapewa sababu ambazo nyingi zimo ndani ya ofisi, hazimo msituni.

Sababu mojawapo ni kwamba msitu wa kijiji una wenyewe wengi. Sera na sheria ziko Wizara ya Maliasili na Utalii, Idara ya Misitu na Nyuki. Misitu ya serikali kuu na vizuizi vya ukaguzi barabarani viko kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioanza kazi 2011. Afisa misitu wa wilaya, ambaye ndiye humsaidia mtendaji wa kijiji kuandika mpango wa usimamizi, ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mpango wa matumizi ya ardhi uko upande wa ardhi, kupitia Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Mazingira kwa ujumla, pamoja na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na kanuni za biashara ya kaboni, yako Ofisi ya Makamu wa Rais. Mkaa ukiitwa nishati, ni wa Wizara ya Nishati, na tangu Mei 2024 kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Fedha ni Hazina. Hiyo ni milango saba kwa gunia moja la mkaa.

Kabla ya kuandika barua yoyote, chora jedwali la safu nne kwa kila ombi ulilonalo. Nani ana mamlaka ya kisheria ya kuamua, na kwa kifungu gani. Nani ataandika rasimu. Nani lazima aridhie kabla rasimu haijapanda. Na nani atapoteza mapato ombi likikubaliwa. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayoua mapendekezo mengi kimya kimya. Halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao ya misitu haitasimama hadharani kukupinga. Itasema tu kwamba suala linahitaji kuangaliwa zaidi. Ukiwa na hesabu ya mapato ya miaka mitatu iliyopita ya halmashauri hiyo, na makadirio ya kitakachoongezeka vijiji vikivuna kwa mpango, mazungumzo na mweka hazina yanakuwa mengine kabisa.

Wilayani uwe mwangalifu zaidi. Mhifadhi wa TFS na afisa misitu wa halmashauri huweza kuwa wanakaa mji mmoja na kunywa chai pamoja, mwanakijiji anawaita wote "watu wa misitu", lakini taarifa zao zinapanda kwa wakubwa tofauti. Ukimwalika mmoja bila mwenzake umetengeneza mgogoro ambao haukuwepo. Na ukivuka bahari kwenda Zanzibar, sahau sehemu kubwa ya ramani hii: mazingira si suala la Muungano, kuna Sheria ya Mazingira ya Zanzibar ya 2015, kuna mamlaka yake, ZEMA, na kuna Baraza la Wawakilishi. Shirika linalofanya kazi ya mikoko Rufiji na Pemba kwa barua ileile litajibiwa na upande mmoja tu.

Sasa barua. Vijana waliotoka vyuoni huona barua ni urasimu wa zamani na hupendelea kumtafuta mkurugenzi kwenye WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp haufungui faili. Barua rasmi huandikwa kwa Katibu Mkuu, kwa cheo na si kwa jina, na chini yake unaonyesha idara unayoomba ilifanyie kazi. Iwe na kumbukumbu namba yako, tarehe, na mstari wa YAH: unaosema jambo moja. Msisitizo uko kwenye hilo moja. Masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili, hupanga barua kwa mada. Barua yenye maombi mawili huwekwa kwenye faili la ombi la kwanza, na la pili linakufa bila mtu kulikataa. Ukiwa na mambo mawili, andika barua mbili siku ileile.

Peleka kwa mkono Mtumba, kwenye ofisi za wizara Dodoma, ukiwa na nakala ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, hata kama umetuma pia kwa barua pepe. Uliza namba ya faili na namba ya folio, yaani namba ya barua yako ndani ya faili, uandike pembeni ya nakala yako. Zikipita siku saba za kazi, piga simu masijala, usimpigie mkurugenzi: masijala ndio wanaojua barua imepelekwa kwa nani. Ukishajua afisa aliyepewa, huyo ndiye mtu wako kwa wiki kadhaa zijazo. Epuka kupeleka jambo jipya wiki ambayo wizara inasoma bajeti bungeni. Barua itapokelewa vizuri na kukaa chini ya nyingine mia.

Huyo afisa dawati anastahili heshima kuliko anayopewa na mashirika mengi. Yeye ndiye anayeandika dokezo. Dokezo linapanda kwa mkurugenzi msaidizi, mkurugenzi, Katibu Mkuu, na mara nyingine Waziri, na kila mmoja anaongeza mstari mmoja au miwili. Kwa hiyo andiko lako linapaswa kuvumilia kusomwa na watu watano, kila mmoja akiwa na dakika tatu. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma ukizidi. Tatizo kwa sentensi tatu. Msingi wa kisheria, kwa kutaja kifungu. Ombi moja. Athari kwa bajeti ya serikali, na kama zipo ziseme, kwa sababu Hazina watazigundua na hapo afisa wako ndiye atakayeonekana hakusoma. Mwishoni weka sentensi ya uamuzi iliyo tayari kunakiliwa: "Inapendekezwa kwamba Katibu Mkuu aridhie kuundwa kwa kikosi kazi cha..." Afisa mwenye madokezo kumi ya kuandika atakushukuru kimoyomoyo.

Andika kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na dokezo lenyewe litakuwa kwa Kiswahili hata kama ripoti ya mtaalamu wako ina kurasa 80 za Kiingereza. Ukimwachia afisa kazi ya kutafsiri, ataitafsiri kwa haraka, na hoja yako itapanda ikiwa imepinda. Ripoti ndefu iwe kiambatisho.

Kuhusu takwimu: anza na za serikali. Tanzania yenyewe, katika kiwango rejea cha uzalishaji hewa ukaa wa misitu ilichowasilisha Umoja wa Mataifa, ilitaja upotevu wa hekta 469,420 kwa mwaka kwa kipindi cha 2002 hadi 2013. Hakuna afisa atakayepoteza muda kubishana na namba hiyo. Ukiwa na namba yako kutoka kwenye picha za setilaiti, na inatofautiana, peleka kwanza mbinu uliyotumia kwa wataalamu wa wizara au Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kabla hujaitangaza. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalibana sana uchapishaji wa takwimu zinazopingana na za serikali. Ya 2019 yakalegeza. Lakini hata bila sheria, afisa anayesikia namba yako kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari hatakuwa rafiki yako tena.

Kuna nyaraka nne zinazofungua milango kuliko utafiti wowote: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, ilani ya chama kilicho madarakani, ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), na hotuba ya bajeti ya wizara ya mwaka uliopita. Hotuba ya bajeti ina aya zenye namba. Ukipata aya ambamo Waziri aliahidi kuviwezesha vijiji kusimamia misitu, ombi lako linaacha kuwa la shirika. Linakuwa msaada wa kutekeleza ahadi ya Mheshimiwa Waziri. Ripoti za ukaguzi wa ufanisi za CAG nazo zina mapendekezo ambayo wizara inalazimika kueleza imeyafanyia nini. Afisa anayetafuta cha kujibu humpokea vizuri anayekuja na jibu.

Kwenye kutunga sheria ndipo mashirika mengi hupoteza nguvu nyingi mahali pasipo na mavuno. Watu hujiandaa kwa Bunge, ilhali haki za misitu ya vijiji hutikiswa zaidi na kanuni. Tarehe 24 Mei 2019 lilitoka Tangazo la Serikali Na. 417, kanuni za matumizi endelevu ya magogo, mbao, fito, nguzo na mkaa. Haki za kijiji ndani ya Sheria ya 2002 zilibaki palepale. Hata hivyo wadau wa misitu ya vijiji walilalamika kwamba kanuni hizo zinakipitisha kijiji kwenye ngazi za kibali zinazofanana na za mvunaji anayeingia msitu wa serikali kuu. Na walichelewa, kwa sababu ya jinsi kanuni zinavyozaliwa: hutungwa na Waziri, huanza kufanya kazi zikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huzipitia baadaye. Siku kanuni inapochapishwa, mlinzi wa kizuizi cha barabarani anayo kesho yake. Kuirekebisha ni miaka.

Kwa hiyo mahali pa kuwa ni kabla ya hapo, wakati kitengo cha sheria cha wizara kinaandaa rasimu, kabla haijakwenda kwa waandishi wa sheria wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Dalili za rasimu inayokuja zipo: wizara imeajiri mshauri mwelekezi, kimeitishwa kikao kazi Morogoro, afisa sheria ameanza kuomba mifano ya nchi jirani. Ukiziona, jitolee kutoa watu wawili kwenye kikosi kazi: mtaalamu wa misitu anayejua kijiji kinavyofanya kazi, na mwanasheria anayejua kuandika. Huyu wa pili ana thamani mara mbili. Vikao vinakuwa na watu thelathini wenye maoni na mmoja mwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta. Uwe karibu na mwenye kompyuta.

Maoni yako yawe katika jedwali la safu tano: namba, ibara au kanuni inayohusika, inavyosomeka sasa, maneno kamili yanayopendekezwa, sababu. Ukileta kurasa arobaini za misingi ya haki na utawala bora, zitapokelewa kwa heshima na kuishia hapo, maana mwandishi wa sheria hana pa kuziingiza. Mahali pa kukaza macho ni vitenzi na masharti ya muda. Kanuni inayosema kijiji kitawasilisha mpango wa uvunaji kwa Mkurugenzi "kwa ajili ya kuidhinishwa" na inayosema "kwa ajili ya taarifa" zinatofautiana kwa neno moja. Kijijini tofauti hiyo ni msimu mzima wa kuvuna. Wizara ikikataa "taarifa", na mara nyingi itakataa, una pendekezo la pili mfukoni: asipojibu ndani ya siku 30, mpango uhesabike umekubaliwa. Likikataliwa nalo, omba sababu za kukataa mpango zitolewe kwa maandishi. Nenda na ngazi tatu kama hizi kwa kila ibara unayoijali, na uwe umekubaliana na wenzako mapema ngazi ya mwisho ni ipi, kwa sababu ndani ya ukumbi hakuna muda wa kupiga simu ofisini.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwenye kamati, mwaliko wa wadau kutoa maoni hutangazwa siku chache kabla ya kikao, na wakati mwingine ni siku mbili au tatu. Anayeanza kusoma muswada siku ya tangazo ameshachelewa. Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ni wa kuogopwa zaidi: unagusa sheria nyingi kwa pamoja, na kipengele cha mazingira kinaweza kuwa sehemu ya tisa katikati ya mambo ya kodi na mahakama. Usome wote. Muswada ukiwa chini ya hati ya dharura, hatua zinabanwa na kila kitu kinaamuliwa ndani ya siku chache. Katika hatua hiyo, mbunge anaweza kuleta jedwali lake la marekebisho kwa maandishi, lakini jedwali linaloletwa na Serikali yenyewe ndilo lenye nafasi kubwa ya kupita. Basi jioni ile usiitumie kutafuta wabunge kumi wa kukusemea. Itumie kumtafuta afisa sheria wa wizara ili pendekezo lako liingie kwenye jedwali la Serikali, likiwa limeandikwa kikamilifu, bila jina la shirika lako popote.

Nyuma ya kila sheria kuna bajeti, na bajeti ina kalenda isiyomsubiri mtu. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka. Kati ya Januari na Machi halmashauri na wizara zinaandika makadirio, ngazi zikipanda kutoka kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, Baraza la Madiwani, hadi Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Machi kamati za Bunge zinapitia. Bunge la bajeti ni Aprili hadi mwisho wa Juni, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayekwenda kuomba fedha mwezi Mei anaomba kitu kilichokwisha kugawanywa. Ombi la halmashauri liwe dogo na linalotajika: mafuta ya pikipiki, posho za afisa misitu za kulala vijijini kwa idadi fulani ya siku, GPS mbili, gharama za hatua sita za mpango wa matumizi ya ardhi kwa vijiji viwili. Diwani hawezi kuitetea "kuimarisha uhifadhi shirikishi" mbele ya wenzake wanaotaka zahanati, ila anaweza kutetea pikipiki. Vikundi vya wafuga nyuki vikisajiliwa vizuri vinaweza pia kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashirika mengi ya uhifadhi hayaitumii njia hiyo kabisa, sijui ni kwa kuiona ndogo.

Wabunge. Kamati inayohusika zaidi na misitu ni ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Mazingira yako na kamati ya Maji na Mazingira. Wajumbe hupangwa upya katikati ya uhai wa Bunge, yaani baada ya miaka miwili na nusu hivi, kwa hiyo semina nzuri uliyoifanya inaweza kuhamia kamati ya miundombinu pamoja na watu wake. Maombi ya kukutana na kamati hupitia kwa Katibu wa Bunge, na katibu wa kamati ndiye mtu wa kujua ratiba. Kwa mbunge mmoja mmoja, usianze na bioanuwai. Anza na jimbo lake: vijiji vingapi vina msitu, vinaingiza kiasi gani, shule gani imejengwa kwa fedha ya mkaa au mbao.

Ziara ya kijijini ina nguvu kuliko semina tano, ikipangwa. Barua ianze kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mkuu wa Wilaya apewe taarifa mapema, kwa sababu akisikia wabunge wako wilayani kwake bila yeye kujua, ziara inaishia ofisini kwake ikijieleza. Wageni wasizidi magari matatu. Kitabu cha wageni, salamu za mwenyekiti, kisha msituni moja kwa moja wakati jua halijawa kali. Hotuba ziwe baada, na ziwe mbili. Kinachowashika wabunge ni vitabu: daftari la mauzo, risiti, taarifa ya benki, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioamua fedha zitumike wapi. Waacheni wanakamati ya maliasili wajibu maswali wenyewe. Wanakijiji waliofundishwa majibu hujulikana kwa swali la pili, na mbunge aliyehisi anachezewa hatasahau.

Hapo ndipo linapokuja suala la posho, ambalo watu hulikwepa kwenye maandishi. Lipeni kwa viwango vya waraka wa serikali, kwa aliyelala nje ya kituo chake cha kazi kweli, kwa benki au simu, na risiti ikae. Usimlipe mbunge wala mtumishi ili akusikilize, hata ikiitwa jina gani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiangalii kama nia yako ilikuwa kuokoa mpingo. Waliozoea kulipwa watakunyima mahudhurio mara ya kwanza na ya pili. Wanaokuja ni wachache na ndio wenye kazi.

Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mfano bora uko ng'ambo ya mpaka. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu ulifutiwa leseni ya mazingira na Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kenya ina Katiba ya 2010 inayolitaka Bunge lishirikishe umma, na sheria ya hati za kisheria ya 2013 inayotaka kanuni ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinapoteza nguvu. Tanzania haina silaha zote hizo, ila somo la kumbukumbu ni lilelile. Muhtasari uwe na tarehe, idadi ya waliohudhuria wanawake kwa wanaume, sahihi za mahudhurio, hoja zilizopingwa pia, na muhuri wa kijiji. Muhtasari ambao wote wanakubali kila kitu humfanya afisa sheria kutilia shaka kila kitu. Sheria ndogo za kijiji zisizo na muhtasari wa mkutano mkuu na uthibitisho wa Baraza la Madiwani huanguka siku ya kwanza mahakamani, na mvunaji haramu anarudi msituni akicheka.

Vyombo vya habari vitumike mwishoni, na wizara iambiwe kabla. Simu moja kwa afisa habari wa wizara siku mbili kabla ya taarifa yako inakugharimu kidogo sana. Kuna nyakati za kupiga kelele: msitu unakatwa leo, barua tatu hazijajibiwa, kila mlango umegongwa na nakala zenye mihuri ziko mkononi. Ukipiga kelele bila nakala hizo, utaulizwa uliwahi kumwandikia nani, na hapo mjadala utakuwa juu yako.

Mashirika yakiungana, gawaneni kazi: mmoja anayezungumza na wizara kwa upole, mwingine mwenye ujasiri wa kusema hadharani, mtandao wa wanakijiji wenyewe kama MJUMITA kwa ajili ya sauti ambayo hakuna afisa anayeweza kuiambia imetumwa na wafadhili. Mtofautiane ndani, si mbele ya kamati.

Wafadhili wanataka mabadiliko ya sera ndani ya mradi wa miaka mitatu, na kanuni moja inaweza kuchukua mitano. Waandikieni viashiria vinavyofikika: rasimu imepokelewa, kikosi kazi kimeundwa, mstari wa bajeti umeingia, kanuni imepelekwa kwa Mwanasheria Mkuu. Na mnapoandika ripoti kwa Kiingereza kwa ajili ya Geneva au Washington, muwe waangalifu na sentensi ya "tumeibadilisha sheria ya misitu ya Tanzania". Ripoti hizo huwekwa mtandaoni, na zinasomwa Mtumba. Mkurugenzi aliyepigania pendekezo ndani ya wizara kwa miezi kumi akikuta shirika limejitwalia ushindi wake, barua yako inayofuata itapokelewa, itagongwa muhuri, itapewa folio, na hakuna atakayeiandikia dokezo. Andikeni kwamba Wizara ilitoa kanuni mpya, na kwamba shirika lilitoa maoni yalipoombwa.